Kilomita 1,553 kati ya Luano na N'djili

Ukiuliza simu yako umbali wa ndege kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, jibu linakuja papo hapo: kilomita 1,553, muda wa safari saa mbili na dakika ishirini na kitu. Tovuti moja itapunguza kilomita mbili tatu, nyingine itaongeza, kutegemea imeweka alama yake kwenye uwanja wa ndege au katikati ya mji. Namba ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Ila mtu wa hapa Lubumbashi, wa mtaa wa Katuba au wa komini yetu iitwayo Kenya, anayeuliza Kinshasa iko mbali gani ana hesabu nyingine kichwani: akitoka nyumbani alfajiri atakula wapi mchana, nani atampokea, na huyo mpokeaji aambiwe afike uwanjani saa ngapi. Kwa maswali hayo zile kilomita zinasaidia kidogo, na zile saa mbili na ushee, usipoangalia, zinaharibu kabisa.

Tuanze na namba yenyewe, maana ina raha yake. Uwanja wetu wa Luano uko nyuzi 11.6 kusini mwa ikweta na nyuzi 27.5 mashariki. N'djili, uwanja wa Kinshasa, iko nyuzi 4.4 kusini na 15.4 mashariki. Mashine inachukua nukta hizo mbili, inaichukulia dunia kama mpira wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, kisha inapima njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa mpira huo. Lakini safari yetu hii hata mtoto wa sekondari anaipata kwa kalamu. Tofauti ya kusini-kaskazini ni nyuzi 7.2, ya mashariki-magharibi ni 12.1, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta nyuzi za huku na za huku zina urefu unaokaribiana, kama kilomita 111 kila moja. Mpe Pythagoras pembetatu hiyo, utapata karibu nyuzi 14. Zidisha kwa 111. Umefika N'djili. Jaribu ujanja huohuo kwa safari ya Brussels hadi Tokyo na utapotea vibaya, kwa sababu huko juu nyuzi za mashariki-magharibi zimebanana.

Muda nao unapatikana kirahisi hivyohivyo. Tovuti nyingi zinachukua mwendo wa kilomita 800 kwa saa, au zaidi kidogo, ambao ndio mwendo wa Boeing 737 na Airbus A320 zikiwa juu, kisha zinaongeza nusu saa ya kupanda, kushuka na kutambaa ardhini. Hiyo nusu saa ni ileile hata kama unaenda Johannesburg au Addis Ababa. Ukipewa ndege ya pangaboi kama ATR 72, ambayo inakwenda kilomita 500 hivi kwa saa, safari inapita saa tatu, na tovuti haikuonyi, kwa sababu haikuuliza utapanda ndege gani.

Mstari ule wa kwenye ramani pia haujui mvua. Kati ya Novemba na Machi, mawingu yanayosimama juu ya Kasai alasiri si ya kupitwa katikati; kwa radi, Kongo ni kati ya nchi za kwanza duniani. Rubani anakunja kushoto, anakunja kulia, na wewe uliyekaa dirishani unaliona wingu moja kwa muda mrefu kama vile ndege imesimama. Kwa sababu hiyo watu wengi wa hapa wanapenda ndege ya asubuhi, na nadhani wana haki. Jambo lingine ni kwamba Luano iko juu, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati N'djili iko mita 313 tu. Hewa yetu ni nyepesi, hasa siku za joto za Oktoba, ndiyo maana ndege inakimbia sana kabla ya kunyanyuka. Ukitoka Kinshasa hulisikii hilo vile, na pia barabara yao ya kurukia ina urefu wa kilomita 4.7.

Lakini kama unataka kuona jinsi njia fupi na njia iliyopitwa zinavyoweza kutengana, mfano mkubwa ulipita hapa juu ya vichwa vya wazee wetu. Tarehe 17 Septemba 1961 Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita zisizofika 1,800. Katanga, jimbo letu hili, ilikuwa imejitenga na Kongo, na ilikuwa na ndege ya kivita aina ya Fouga iliyokuwa ikiwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa. Basi ile DC-6 iliyoitwa Albertina haikupita juu yetu. Ilizunguka mbali mashariki hadi upande wa ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini. Safari ikapita saa sita, na usiku wa manane ikaanguka msituni karibu na Ndola ilipokuwa inakaribia kutua. Mpaka leo watu wanabishana juu ya sababu. Mimi hapa nataka ule mzunguko tu: mashine ya leo ukiiandikia Kinshasa na Ndola itakuchorea mstari unaokata katikati ya Katanga, bila wasiwasi wowote.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya watu kuliko mawingu na siasa, yaani saa. Tuseme ndege inaondoka Luano saa nne asubuhi. Tiketi inasema itatua N'djili saa tano na dakika ishirini. Msafiri wa mara ya kwanza anafurahi: kumbe ni saa moja na dakika ishirini! Wiki inayofuata anarudi, anaondoka N'djili saa nne ileile ya asubuhi, na tiketi inamwambia Luano saa saba na dakika ishirini mchana. Hapo anaanza kulalamika kwamba kurudi ni saa tatu na zaidi, na kila mtu kwenye foleni ana maelezo yake. Mmoja atasema ni upepo. Mwingine atasema kutoka Kinshasa ndege inapanda mlima. Upepo mkali wa juu, ule wa kuiongezea au kuipunguzia ndege saa nzima, unavuma mbali na ikweta, kwenye anga za Ulaya, za Atlantiki ya kaskazini, na kusini kuelekea Afrika Kusini. Kati yetu na Kinshasa unakula au unatoa dakika tu. Safari ni saa mbili na dakika ishirini kwenda na hizohizo kurudi. Kilichobadilika ni saa ya ukutani, kwa sababu nchi hii moja ina saa mbili: Kinshasa na majimbo ya magharibi wako saa moja nyuma yetu, na sisi tuko na Kasai na Kivu upande huu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku kule, huku ni saa tatu.

Jua lenyewe halijali mpaka huo. Kutoka nyuzi 27.5 hadi 15.4 linatumia dakika 48, hivyo lile saa zima ni la serikali zaidi kuliko la mbinguni. Kinshasa wamebahatika: mji wao uko karibu kabisa na mstari wa nyuzi 15, ambao ndio mstari wa saa yao, kwa hiyo saa ya mkononi na jua la utosini vinakubaliana. Sisi saa yetu ni ya nyuzi 30, ila tunakaa pungufu ya hapo, na jua letu linachelewa kama dakika kumi. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa dakika kumi hizo, lakini mimi nazipenda.

Mama mukubwa wangu anakaa Lemba, Kinshasa, tangu zamani, na yeye ameshalimaliza tatizo hili kwa swali moja. Ukimpigia kumwambia unafika saa fulani, kabla hujamaliza anakukata: "Saa ya kwenu ao ya huku?" Ukisema hujui, anakwambia usome tiketi yote, polepole, akiwa kwenye laini. Ndivyo inavyotakiwa. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi siku zote ni ya mahali penyewe: ya kuondoka ni ya Luano, ya kufika ni ya N'djili. Usiitoe moja kwenye nyingine ukadhani umepata urefu wa safari. Ongeza saa moja ukielekea magharibi, punguza moja ukirudi, ndipo utoe.

Halafu kuna ile safari ambayo hakuna tovuti inayoipima, ya kutoka mlangoni kwako hadi mlango wa ndege. Luano iko nje ya mji, kaskazini-mashariki, na ukitoka mapema gari halikwami sana. Muda unaliwa pale ndani. Kuna Go-Pass ya kulipia, ile tozo ya viwanja vya ndege iliyoanza 2009 kwa dola 10 safari za ndani na 50 safari za nje, kuna karatasi za kuonyesha, kisha kuna mizani. Mizani ndiyo mahakama ya Luano. Siku moja mbele yangu alisimama mama na begi kubwa jekundu lililofungwa kwa kamba, na namba ilipotokea kijana wa kaunta akatikisa kichwa.

"Mama, kilo zimepita. Utoshe kitu kimoja."

"Nitoshe nini? Byote ni bya harusi."

Akapiga magoti, akafungua kamba palepale sakafuni. Juu kulikuwa na vitenge, vimekunjwa vizuri bila mkunjo hata mmoja. Chini ya vitenge, samaki wa kukausha aliyefungwa ndani ya magazeti na nailoni juu yake. Chini kabisa, mfuko wa mchele ambao haukuwa na mchele: vinkubala, kilo na kilo za vinkubala, kwa sababu mtu wa Katanga anayeoa Kinshasa hatakubali wageni wake wale harusi bila wale wadudu wa kwao. Mama akaupima mfuko kwa mkono, akatazama nyuma kwenye foleni, akamchagua kijana mwenye kibegi kidogo cha mgongoni. "Yaya, wewe hauna kitu. Unibebee hii." Kijana hakupewa nafasi ya kujibu. Foleni ikasogea. Robo saa nzima ilikuwa imepita kwa begi moja, na nyuma yetu mabegi ya namna hiyo yalikuwa mengi. Wanaorudi wanafanya vilevile kwa kwanga, ule mkate wa muhogo, usidhani Kinshasa hawana lao.

Upande wa pili, ukishatua, unaanza boulevard Lumumba. Huwa nashangaa kidogo, nikiwa nimekaa ndani ya teksi isiyosogea, kwamba safari yetu ya ndani inaanzia Luano, alikoshushwa Patrice Lumumba pamoja na wenzake Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961, wakauawa usiku huohuo, na inaishia kwenye barabara yenye jina lake. Kutoka N'djili hadi Gombe, katikati ya mji, ni kilomita ishirini na kitu. Pita Masina, pita ule mnara wa Limete, na kama umetua jioni ya siku ya kazi, hizo ishirini na kitu zinaweza kukuchukua muda mrefu kuliko zile 1,553. Sitanii. Kwa sababu hiyo, mtu akiniuliza ninamwambia hivi: Lubumbashi hadi Kinshasa ni siku moja. Usipange kazi nyingine siku hiyo, wala usiahidi kufika mkutanoni saa nane mchana kwa sababu tu tiketi inasema unatua saa tano.

Si ugonjwa wa leo. Mbelgiji Edmond Thieffry aliporuka mara ya kwanza kutoka Brussels hadi Léopoldville mwaka 1925, aliondoka tarehe 12 Februari na kufika tarehe 3 Aprili. Siku 51. Lakini muda aliokuwa angani hasa, ukijumlisha vipande vyote, ulikuwa kama saa 75, siku tatu na kitu, kwa zaidi ya kilomita 8,000. Zilizobaki zilikwenda kwenye matengenezo, mchanga, vipuri na kungojea. Mwenye kukokotoa umbali na mwendo angemwambia mke wa Thieffry aanze kuhesabu siku tatu.

Na kwa nini basi tunaisumbukia hivi safari hii ya ndege? Kwa sababu kwetu sisi si njia moja kati ya nyingi. Barabara ya taifa namba moja ipo kwenye ramani, inapita Kolwezi, inapanda Kasai hadi Kananga na Tshikapa, inateremka Kikwit, ni zaidi ya kilomita 2,000, na kuna vipande vyake ambavyo masika lori linalala wiki. Reli ya zamani ya BCK, kampuni ya reli ya enzi za Wabelgiji, ilifika Ilebo mwaka 1928, mji ulioitwa Port-Francqui wakati huo, na hapo ndipo ilipokomea. Mzigo ukawa unashushwa na kupandishwa mashua kwenye mto Kasai hadi Kinshasa. Kipande cha reli cha Ilebo hadi Kinshasa kimezungumzwa tangu enzi za Wabelgiji na hakijajengwa. Kwa hiyo mfanyabiashara wa hapa, mgonjwa anayetafuta daktari fulani, mwanafunzi, mbunge, wote wanakutana kwenye mizani ileile.

Kitu kilichonifanya niandike makala hii nilikigundua nikiwa nimekaa tu, nikiandika majina ya miji mmoja mmoja dhidi ya Lubumbashi. Nairobi: kilomita 1,543. Yaani Nairobi iko karibu kuliko Kinshasa kwa kilomita kumi. Luanda, kama 1,590. Johannesburg, kama 1,610. Dar es Salaam, 1,385 tu. Harare, 800 hivi. Lusaka, 430, na Ndola haifiki 200. Chora duara lenye urefu wa safari ya kwenda kwenye mji mkuu wetu, na ndani yake au ukingoni mwake utakuta nusu ya miji mikubwa ya kusini na mashariki mwa Afrika. Hapo ndipo ile namba isiyojua kitu ilipoanza kuniambia jambo. Reli ilitufikia mwaka 1910 kutoka kusini, kutoka Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo), kabla haijawahi kuelekea Kinshasa, na mpaka leo nguo, sabuni na unga wetu vinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kiswahili tunachoongea kilikuja kutoka mashariki. Mtu akisema watu wa Lubumbashi wanatazama nje, mwonyeshe namba hizi na umuulize yeye angetazama wapi.

Msichanganye umbali na bei, lakini. Usitegemee kwamba Nairobi na Kinshasa, kwa kuwa zimelingana kwa kilomita, zitalingana kwa dola au kwa masaa. Safari ya ndani haina viza wala tozo ya nje. Ya nje mara nyingi inakupitisha mji wa tatu, na ukishuka katikati ya njia, ile hesabu ya mstari mmoja umeshaitupa. Addis Ababa, kwa mfano, iko kilomita 2,600 kutoka Luano. Anayekwenda Nairobi kwa kupitia huko amevuka Nairobi kwa mbali na kurudi nyuma.

Na Goma? Ni kilomita kama 1,115, karibu kaskazini moja kwa moja, saa ileile kama yetu, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Lakini uwanja wa Goma ulifungwa kwa ndege za abiria Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na mashine bado ilikuwa inatoa saa moja na dakika hamsini kwa yeyote aliyeuliza.

Kolwezi ni kilomita 239 kwa ndege na kama 300 kwa barabara ya lami. Mashine inasema dakika hamsini. Ukiongeza kufika Luano mapema, Go-Pass, mizani, kungojea, na kupata usafiri ukishatua, utakuwa umekula nusu siku, na basi la asubuhi litakuwa limeshapita Likasi zamani. Kolwezi mimi napanda basi.